Mdomo wa sungura: mlioshonwa ukubwani, tupeane uzoefu

Fundi wa Jinja
Hamjambo wote. Nashona nguo hapa Jinja, nimezaliwa na mdomo wa sungura, yaani mdomo wa juu uliopasuka, upande wa kushoto, na kaakaa, lile paa la ndani ya kinywa, nalo liko wazi. Miaka thelathini imeshanipita. Siku hizi mtoto anashonwa mdomo akiwa na miezi mitatu hivi, kaakaa linafuata karibu na mwaka; sisi wengine tulipitwa, bibi alisema ni laana na habari ikaishia hapo. Sasa nimeambiwa hata mtu mzima anashonwa. Nataka waliolala kwenye kitanda wenyewe waseme, si jirani wa shangazi ya mtu. Iliuma? Sauti ilibadilika? Pole msinipe, ninazo za kutosha kufungulia duka.

Mzee wa Bombo
Mwanangu, mimi nimeshonwa nina wajukuu. Kaakaa langu zima, ni mdomo tu, kwa hiyo walinichoma ganzi nikabaki macho. Ile sindano chini ya pua, usidanganywe, machozi yanatoka yenyewe. Baada ya hapo nasikia kuvutwa tu, na daktari anaomba mkasi. Siku za kwanza ni uji uliopoa na kusafisha nyuzi, na kicheko unakimeza. Miaka yote nilifuga masharubu ya kuficha. Sasa nimeyanyoa, ila juu ya kovu hayaoti tena, wanaotaka kuyarudisha wajue. Kilichonishangaza ni kitukuu wangu: alikataa nimpakate, analia anamtaka babu. Alitulia aliposikia nakohoa.

Mama Arua
Dada, swali la sauti nijibu mimi, maana hapo ndipo wengi wanaporudi nyumbani wamevunjika moyo. Kaakaa langu lilifungwa nikiwa mama wa watoto wawili. Chakula kimeacha kutokea puani, na hilo peke yake lingetosha: nimekula maharage kwenye harusi mbele ya watu, bila leso mkononi! Lakini kuongea? Nilizinduka na sauti ileile. Mtoto anafungwa kaakaa mapema ili ajifunze maneno likiwa tayari. Mimi ulimi na koo vilishazoea njia zao. Mtaalamu wa matamshi alinipa kazi ya nyumbani: kioo kidogo chini ya pua, halafu nasema "papa, kaka, tatu" polepole. Kioo kikiota ukungu, hewa bado inapita puani. Nimefanya hivyo hadi watoto wakawa wananiigiza. P na B zimekuja, S bado inanitoroka, kwenye simu bado naambiwa "unasema?" Tena nyuma ya kaakaa kulibaki kitundu, nikarudishwa thieta. Hutokea, usilie ukiambiwa.

Boda Busia
Nyabo, naingilia, yangu si ya kuzaliwa. Uvimbe wa taya. Ulianza kama njugu, hauumi, nikaubeba miaka nikiendesha pikipiki na skafu usoni hata juani. Abiria wengine walikuwa wakiniona naivua wanapanda ya mwenzangu. Mahali fulani, sitapataja, waliukwangua tu, ukarudi mkubwa zaidi. Kumbe aina hiyo inatakiwa ikatwe pamoja na kipande cha taya. Waliokuja kunikata vizuri wakachukua mfupa mguuni, wakautengeneza taya. Mguu ulinisumbua kuliko uso! Na kuna kijana wa getini alitaka "chai" eti aniingize kwenye orodha. Orodha haiuzwi, muulizeni nesi mwenyewe.

Nauguza
Nimefurahi mmesema hayo ya kitundu na kioo, sisi wakati mwingine tunaharakisha maelezo. Kwa mdomo na kaakaa, Smile Train, shirika la Marekani lililoanza 1999, hulipia upasuaji kupitia hospitali za hapahapa. CoRSU pale Kisubi, barabara ya Entebbe, ni mojawapo. Nauli na chakula cha anayekusindikiza ndivyo vya kujipanga. Usije na mafua wala kikohozi, watakuahirisha. Na dada, hiyo ya laana: pande za mdomo huungana katika wiki za mwanzo kabisa za mimba, wengi hata hawajajua kuwa wana mimba. Zisipokutana, ndiyo huo mwanya. Bibi hakuwa na kosa, wala mama yako.

Fundi wa Jinja
Asanteni. Mama yangu nimemsomea hiyo ya mwisho kwa simu, akaniambia nirudie. Mume wangu ndiye kikwazo. Anasema mdomo huu ndio aliooa, mwingine wa nini.

Mzee wa Bombo
Anaogopa utapendeza. Nenda naye, akae benchi aone watu. Mke wangu naye alinuna hadi nyuzi zilipotoka.

Fundi wa Jinja
Haha, nitamwambia ni amri ya mzee. Mama Arua, hicho kioo nianze nacho sasa?

Mama Arua
Hapana, kidonda cha kaakaa kikishapona na mtaalamu akikuruhusu. Kwa sasa hewa haina pa kuzuiliwa, utajichosha bure. Ila uliza mapema kama hospitali unayokwenda inaye huyo mtaalamu wa matamshi, maana mimi kwetu hakuwepo, nilimfuata Kampala.