Tupeane uzoefu: msongo wa mawazo hasa unaanzia wapi?

Mwenye_Uzi: Wakuu, "maisha magumu" tunaijua. Elezeni chanzo, kinavyoanza na kinavyomkamata mtu.

Nesi_wa_Zamu: Ukifukuzwa na mbwa, adrenalini inapanda, moyo unadunda, ukishafunga mlango unatulia. Mwili unauweza msongo huo. Unaoumiza ni ule usio na mlango wa kufunga: kodi, ada, bosi. Kotisoli, homoni ya msongo, inatakiwa iwe juu asubuhi, ishuke usiku. Isiposhuka, mtu anashtuka saa tisa usiku, shingo imekaza, tumbo linavuruga. Hata heri inachosha: watafiti Holmes na Rahe mwaka 1967 walipima msongo wa matukio ya maisha, kifo cha mwenzi wakakipa alama 100, ndoa 50.

Kigoda: 50? Hawakuijua michango ya harusi hao.

Hesabu_Kali: Hakuna kinachofikia kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa ya muda mfupi. Chukua mkopo wa 200,000. Wanakata 20,000 ya fomu, unaondoka na 180,000, unarejesha 65,000 kila wiki kwa wiki 4. Jumla 260,000! Genge la nyanya halitoi hiyo, kwa hiyo wiki ya pili mtu anakopa kwingine alipe huku. Sasa ana marejesho Jumanne na Ijumaa, usiku wa Jumatatu halali. Akikosa, kikundi alichokopa nacho hakitawanyiki mpaka hela itimie. Wanamfuata nyumbani, wanabeba godoro na mtungi wa gesi. Wakopeshaji wa kwenye simu wanatumia meseji namba zako zote. Benki Kuu ya Tanzania (BoT) ilitaja programu 69 za mikopo zisizo na leseni Novemba 2024, na bado watu wanapakua.

Kigoda: Namba zote? Hadi mkwe? 😂

Hesabu_Kali: Mkwe ndiye wa kwanza.

Mzee_wa_Busara: Anayekopea vijora ajilaumu.

Dada_Mkuu: Wengi wanakopea hospitali. Acha dharau.

Mzee_wa_Busara: Haya, yaishe. Bia mbili, unalala fofofo.

Nesi_wa_Zamu: Na saa nane usiku macho makavu, pombe inakatakata usingizi. Kahawa nayo mwisho saa nane mchana. Baada ya saa kama tano, nusu ya kafeini bado imo mwilini.

Hesabu_Kali: Andika madeni yote karatasi moja: nani, kiasi, siku. Muone mkopeshaji kabla ya siku ya rejesho, omba ratiba mpya kwa maandishi. Usikope kulipia mkopo.

Kigoda: Au badili laini.

Dada_Mkuu: Ukibadili, godoro litakalobebwa ni la mdhamini wako.

Mwenye_Uzi: Mkuu Hesabu, ile 20,000 ya fomu inarudi?

Hesabu_Kali: Hairudi.