Nimebadilishiwa kompresa NZIMA, kumbe tatizo ni busta moja ya breki. Mafundi acheni kupiga ramli!

Wakuu, salamu baadaye.

Wiki tatu zilizopita semi yangu ilianza kupoteza upepo wa breki. Ikiwa imepaki, geji imetulia kwenye bar 8. Achia handibreki uanze safari, inaporomoka. Ikikaribia 5 buza inalia, na ukilazimisha, breki za nyuma zinakamata zenyewe. Nikaipeleka gereji moja hapa Dar, ile ya ovaroli safi na risiti za mashine. Fundi mkuu akawasha injini, akajaza upepo, akazima, akasubiri. Geji haikutikisika. Akajifuta mikono: "Bosi, hakuna panapovuja. Kompresa imechoka." Milioni 1 na laki 4 hiyo. Wakaongeza na draya (kile kikausha upepo), eti tusije tukarudia kazi.

Muda wote huo wa kupima, HANDIBREKI ILIKUWA IMEVUTWA.

Kwa msioendesha malori: kwenye busta za maksi (yale makopo ya breki yaliyo karibu na matairi ya nyuma) upepo haufungi breki ya kupaki, unaifungua. Ndani kuna springi nene ndiyo inayokamata. Upepo kazi yake kuibana isikamate. Ukivuta handibreki, upepo wa upande huo unatoka wote, sasa sili (mpira wa kuzuia upepo usipenye) iliyokatika humo itavujisha nini? Utapima mpaka kesho geji imesimama tu.

Nikapakia mzigo wa Tunduma. Mlima Kitonga, kwenye foleni ya kusogea mita kumi kumi, kila nikiachia handibreki geji inashuka, mwisho gari likagoma katikati ya kona. Nyuma yangu mabasi yanapiga honi, abiria wananitukania mpaka bibi yangu aliyekufa zamani. Tingo wangu kaweka mawe kwenye matairi, mikono inamtetemeka.

Dereva mmoja mzee wa lori la mafuta akashuka na maswali mawili tu. "Ukivuta handibreki upepo unajaa?" Unajaa. "Ukiachia, sauti inatokea wapi?" Kwenye tundu la kutolea upepo la valvu ya rilei (inayogawa upepo kwenda kwenye busta), chini ya chesisi. Nikamwambia basi valvu imekufa. Akacheka. Akaongeza vigingi, akafungua mpira wa breki ya mguu kwenye busta moja baada ya nyingine, handibreki ikiwa imeachiwa. Busta ya tatu, upande wa kushoto, ikapuliza upepo kupitia tundu ambalo halikupaswa kuwa na upepo kabisa. Sili ya ndani imekatika, upepo wa handibreki unapenya upande wa breki ya mguu, unarudi na mpira na kutokea kwenye valvu. Valvu ilikuwa inasingiziwa. Dakika ishirini hazikuisha. Busta mpya laki 1 na 80. (Na msithubutu kuifungua ya zamani kwa nyundo, ile springi inaua mtu.)

Marekani mtu anayetafuta leseni ya lori lenye trela anapimwa hivi hivi: injini imezimwa, handibreki imeachiwa, matairi yamezuiwa, upepo usipungue zaidi ya psi 3 (kipimo chao cha presha) kwa dakika, akikanyaga pedali, zisizidi 4. Mwanafunzi wa udereva huyo! Fundi mkuu wa miaka 15 hajui?

Nimerudi gereji. Hela hawarudishi, "spea ikishafungwa haina marejesho". Sawa, nipeni kompresa yangu ya zamani, maana ilikuwa nzima. Wananiambia wameitupa.

Wakuu, kuna gereji gani Dar hii inatupa kompresa?