Desemba na watoto wadogo: Dubai, Sauzi au Paris? Naomba mnilinganishie

MamaSwaumu_Shangani
Habari za jioni humu ndani, na wakubwa zangu shikamooni. Naombeni ushauri wa watu waliokwenda kweli na watoto, sio wa kuangalia video tu. Sisi tuko Mtwara mjini, Mungu akijalia malipo ya korosho yakitoka vizuri tunataka shule zikifungwa Desemba tuwatoe watoto nje ya nchi wakaone vile viwanja vikubwa vya bembea wanavyoviona kwenye katuni. Watoto ni watatu, wa kwanza ana miaka 8, wa pili 5, wa mwisho katimiza 3 juzi tu. Baba Swaumu anataka Disneyland ya Paris kwasababu ndio jina kubwa, wifi yangu anasema Dubai, na jirani katwambia Sauzi hakuna viza kwahiyo ndio nafuu. Mi wasiwasi wangu mkubwa ni huyu mdogo, nisije nikalipa hela yote ile halafu kila bembea tunaambiwa huyu hapandi. Halafu sisi waislamu, chakula na swala navyo lazima nivifikirie.

Kijana_Mikindani
Dada yangu mi ningeanza na Dar. Kunduchi pale kuna mabwawa ya kuteleza, watoto wanachezea maji mpaka wanasinzia wenyewe na hujashika pasipoti ya mtu. Wa miaka 3 hatokumbuka chochote cha Dubai, hela hiyo ongeza ekari za mikorosho.

Binti_Kitunda_Lindi
Mdogo hatokumbuka sawa, ila wa miaka 8 atasimulia mpaka anaoa. Na mwenzetu kaomba ulinganisho wa nje, tumjibu alichouliza.

Mama Swaumu, sisi tulikwenda Dubai mwezi huohuo wa Desemba na wanetu wakiwa wadogo kama wako, na mi nakwambia kwa umri wa watoto wako Legoland ndio mahali pake. Ile imetengenezwa kwa watoto wa miaka 2 mpaka 12, ilifunguliwa 2016, yaani wao ndio wageni rasmi na wewe mzazi ndio msindikizaji. Kuna sehemu ya watoto kuendesha vigari, wa miaka 3 mpaka 5 wana uwanja wao na wa miaka 6 mpaka 13 wana wao wenye taa za barabarani na makutano. Wa kwangu mdogo alishika usukani mikono miwili kakunja uso kabisa, akawa anapiga breki kila mtu akipita pembeni, hataki kushuka, zamu imeisha mwenzie anasubiri yeye bado anakata kona. Halafu kuna ukumbi una kiyoyozi wamejenga miji kwa vile vitofali vya Lego, Burj Khalifa yenyewe ya vitofali ina mita 17, huyu wa miaka 8 hapo mtamkosa. Chakula kote halali, vyumba vya kuswalia vipo, kwa hilo hutapata shida hata kidogo.

Ubaya wake, iko mbali. Sisi Watanzania tumezoea kufikia Deira, mtaa wa zamani wa Dubai, kwasababu ya maduka, kutoka Deira kwenda kule ni barabara ya kuelekea Abu Dhabi, karibu saa nzima kwenye gari. Na kwasababu mtoto wako katimiza 3 utamlipia, bure ni chini ya miaka 3. Tiketi nunueni mtandaoni mapema, getini bei inapanda.

MamaSwaumu_Shangani
Asante sana mdogo wangu, hiyo ya vigari imenipa moyo. Na joto je? Watu wanasema Dubai ni tanuri.

Binti_Kitunda_Lindi
Juni, Julai, Agosti ndio tanuri, nyuzi 40 na kupita, na Juni ndio likizo yetu nyingine, watu wengi wanaponzwa hapo wanakwenda Juni na mtoto mchanga. Desemba mchana ni kwenye 25 hivi, jioni baridi, sweta beba. Watoto wa Mtwara wataona ni baridi kali kabisa.

Msafiri_Nachingwea
Wakuu ngoja niweke la Sauzi maana nimekaa Joburg kwa kazi na watoto nimewapeleka.

La kwanza ni kweli, pasipoti ya Tanzania unaingia bila viza hadi siku 90, hapo umeokoa hela na presha. Ndege ni kama saa tatu na nusu kutoka Dar, wakati Dubai ni tano na kitu. Joburg kuna Gold Reef City, imejengwa kwenye mgodi wa zamani wa dhahabu, ni ya tangu 1987. Kwa kijana wa miaka 12 na kuendelea ni pazuri, kuna rolakosta moja (treni ya kasi ya kupanda na kushuka) inaitwa Anaconda miguu inaning'inia. Ila kwa watoto wa dada yetu mi sipapi alama nyingi. Bembea kubwa nyingi zina kipimo cha urefu, wadogo wanabaki na vitu vichache. Pili nje ya likizo za shule Jumatatu na Jumanne hawafungui, watu wanatoka mbali wanakuta geti limefungwa. Tatu, Desemba Joburg ni msimu wa mvua za mchana zenye radi, radi ikianza mabembea yanasimamishwa na wewe tiketi umeshalipa. Na kwa familia inayojali mazingira ya dini, pembeni yake kuna kasino, mi ilinikera kupita hapo na watoto.

Sasa kama ni Sauzi nendeni Durban. Kuna uShaka, iko ufukweni kabisa, upande mmoja mabwawa ya kuteleza na upande mwingine samaki wakubwa na pomboo. Wadogo wana maji yao mafupi ya kwenye vifundo, wanacheza siku nzima. Kutoka Joburg mpaka Durban kwa barabara ni karibu sawa na Dar mpaka Mtwara, kilometa 570 hivi, ila lami yao ni nzuri mno. Chakula halali Durban hakisumbui, wahindi waislamu wako wengi sana. Shida ni kwamba Desemba na wenyewe wako likizo, ufukwe unajaa, hoteli zinapanda bei, weka oda mapema.

Na vyeti vya kuzaliwa vya watoto bebeni hata kama hamjaulizwa. Kama anasafiri mzazi mmoja basi na barua ya idhini ya mwenzie iwepo.

Mmakonde_Ughaibuni
Shemeji nisalimie baba Swaumu, mi ni wa Masasi ila niko huku Ulaya, Disneyland ya Paris naijua vizuri. Ni pazuri, sitamkatisha tamaa, lile kasri lenyewe mtoto akiliona anaganda. Na uzuri wake kuna vitu vingi havina kipimo cha urefu, kuna tembo wanaopaa, kuna ile ya kukaa kwenye boti mnapita kwenye wanasesere wa nchi mbalimbali wanaimba, huyo wa miaka 3 anapanda na mama yake bila swali. Ile treni kubwa ya mgodini ndio sentimita 102. Na wana utaratibu wazazi wanapokezana, mmoja anapanda na mkubwa, mwingine anabaki na mdogo, halafu wanabadilishana bila yule wa pili kupanga foleni upya. Hilo muulizie kokote mtakapokwenda, sehemu nyingi wanalo.

Lakini Desemba shemeji! Huku Desemba saa kumi na moja jioni kiza, baridi ya nyuzi 5, mvua nyembamba inanyesha siku nzima, na bembea nyingi ziko nje. Mtoto aliyezaliwa Ligula, hospitali ya Mtwara, umvalishe makoti mawili na glovu, apange foleni dakika 50, atalia, na wewe utalia. Na wiki ya Krismasi ndio foleni zinakuwa ndefu kuliko siku zote.

Halafu viza. Shengeni, ile viza ya pamoja ya nchi za Ulaya, mtu mzima ni yuro 90, mtoto wa miaka 6 mpaka 11 ni yuro 45, chini ya 6 bure. Kwahiyo nyie watano ni yuro 225, na ukinyimwa hairudi. Juu yake bima ya safari inayofika yuro 30,000 kwa kila mtu, taarifa za benki za miezi kadhaa, na hoteli. Hela ya korosho inaingia kwa mkupuo kupitia AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, wanaosoma taarifa ya benki wanapenda kuona mzunguko wa kila mwezi, kwahiyo ambatanisheni na zile hati za mauzo ya ghalani wajue hela imetoka wapi.

Paris wakati wake ni Mei, Juni.

Msafiri_Nachingwea
Juni mkuu huko kwetu ndio mtu anapulizia mikorosho salfa, dawa ya ukungu, hela inatoka tu haiingii. Mkulima gani wa korosho ana nauli ya Paris mwezi wa sita?

Mmakonde_Ughaibuni
Hapo umesema kweli kaka. Labda waitunze ya Desemba mpaka Juni, na hela kuitunza miezi sita na ada ya Januari iko katikati sote tunajua inavyokuwa.

Nesi_Ligula
Mimi naongezea la afya na la urefu maana naona watu wanataja umri, wenye viwanja hawaangalii umri wanaangalia futi. Mama Swaumu chukua futi ya fundi cherehani, msimamishe kila mtoto ukutani bila viatu, kisigino kigusane na ukuta, andika. Halafu fungua tovuti ya kila kiwanja kabla hujalipa, kila bembea imeandikwa kipimo chake, hesabu mtoto wako anapanda ngapi. Mtoto wa miaka 3 kwa wastani ni kwenye sentimita 95, wa miaka 4 ndio anavuka mita moja. Kwahiyo palipoandikwa mita moja mdogo wako anaishia kwenye kamba, na akiona kaka zake wanapita utakuwa na kazi.

Dawa: kwenda Dubai usibebe dawa ya kikohozi au ya maumivu yenye kodeini, kule ni dawa za kudhibitiwa na mtu anaweza kushikwa nayo uwanjani. Soma boksi. Panado ya maji, ORS na kipimajoto vinatosha, vyote viache kwenye maboksi yake. Na mbeleko beba hata kama utakodi kigari cha kusukuma, mtoto akisinzia kwenye foleni kigari hakikusaidii ila mgongo wako utakusaidia. Kiganjani mwandikie namba ya simu yenye +255 mbele.

Kijana_Mikindani
Nimewasoma wote, nakubali hoja ya yule wa miaka 8. Ila jamani hamjataja Abu Dhabi, binamu yangu anafanya kazi kule anasema kuna kile cha Ferrari ndio funga kazi.

Binti_Kitunda_Lindi
Cha Ferrari kina ile rolakosta ya kilometa 240 kwa saa, urefu ni sentimita 140, kwa watoto hawa tusipeane presha bure. Abu Dhabi kwa wadogo ni Warner Bros World, ilifunguliwa 2018, yote iko ndani kwenye kiyoyozi, kuna Tom na Jerry, kuna Bugs Bunny, kuna mji wa Flintstones. Ni saa moja na nusu hivi kutoka Dubai. Ndio maana mi nasema Dubai inashinda, siku moja Legoland, siku moja mnapumzika kabisa hotelini, siku nyingine Warner, basi. Msijaze kila siku. Watoto wadogo siku ya pili mfululizo wanakuwa wakali na wewe mwenyewe miguu imekufa.

MamaSwaumu_Shangani
Nimepima jamani! Mkubwa 126, wa kati 109, mdogo 93. Baba Swaumu kasoma uzi wote, ya nyuzi 5 na kiza cha saa kumi na moja ndio imemwelewesha. Amesema Paris tuiweke mpaka huyu mdogo avuke mita na kumi. Mi bado nayumba kidogo kati ya Durban na Dubai kwasababu ya viza. Kuna wakala mmoja jina simtaji alimla shoga yangu hela ya viza, mpaka leo anazungushwa.

Msafiri_Nachingwea
Mi wa Sauzi lakini nakwambia kwa haki, mwenye sentimita 93 na wa miaka 8 pamoja, Legoland inawachukua wote wawili kwa wakati mmoja. Durban ni nafuu na ni nzuri, ila kwa maji watoto wa Shangani wanayo bahari mlangoni. Durban chukua kama bajeti ikibana. Viza ya Dubai ombea kupitia shirika la ndege lenyewe mnalokata nalo tiketi, usipeleke hela mkononi kwa mtu.

Nesi_Ligula
Na pasipoti anzeni sasa hivi, 150,000 kwa kila mtu, fomu inaanzia mtandaoni halafu ofisi ya Uhamiaji. Angalieni majina ya kwenye cheti cha mtoto yafanane herufi kwa herufi na ya wazazi kwenye NIDA, huku kwetu Swaumu na Saumu kwenye karatasi ni watu wawili tofauti.

Jingine, ndege ya Mtwara na ya Dubai msiziweke siku moja, laleni Dar. Kama ni basi ndio kabisa, mvua ikianza barabara ya kusini haina uhakika, Mei 2024 baada ya kile kimbunga Hidaya ilikatika pale Somanga watu wakalala njiani.

Mama_Pacha_Mtama
Nimeingilia, samahani. Wangu ni mapacha, wana mwaka na miezi 11 sasa, tunafikiria hiyo Dubai Desemba hiihii. Nasikia wanapakatwa nauli haifiki hata robo, ni kweli?

Binti_Kitunda_Lindi
Ni kweli kwa mtoto ambaye hajafika miaka 2, kwenye safari za nje ni kama asilimia 10 ya nauli ya mtu mzima. Ila wako kufika Desemba watakuwa wameshavuka, kila mmoja siti yake na nauli ya mtoto. Hata kama wangetimiza 2 mkiwa kulekule, tiketi ya kurudi ingehitaji siti. Kiwanjani lakini mapacha wako wataingia bure, chini ya 3, kwahiyo beba vyeti vyao getini maana mapacha wakubwa wakubwa watakuuliza.