Mama ametutoka, nimepewa kuandika wasifu wake

Wanajumuiya, salaam.

Wengi mmeshapata habari za msiba wetu. Asanteni kwa simu na pole zenu. Maziko ni nyumbani, sisi watoto tumetapakaa, na si wote watakaopata ruhusa kazini au viza kwa wakati. Baba ameniagiza niandike wasifu utakaosomwa siku hiyo. Nimeandika: alizaliwa, akasoma, akaolewa, akajaaliwa watoto na wajukuu. Nikiusoma naona fomu ya uhamiaji, simwoni mama. Mliowahi kuifanya kazi hii mkiwa mbali, mlianzia wapi? Na sisi tusiofika tushiriki vipi?

——

Pole sana, dada. Mungu awatie nguvu.

Tarehe ziweke, ila zisizidi aya moja. Tatizo la wasifu mwingi ni kwamba kalamu huwa mikononi mwa watoto, kwa hiyo anayesimuliwa ni mama tu. Bibi hupata mistari miwili. Mke ndiye anayesahaulika kabisa: "alifunga ndoa mwaka fulani", basi, tunaendelea na uzazi. Na mumewe amekaa pale mbele anasikiliza!

Mpigie baba leo. Usimuulize mama alikuwa mtu wa namna gani, maana atakujibu "alikuwa mwema" na mazungumzo yataishia hapo. Muulize walikuwa wakibishania nini. Nani alishika pesa. Walipokosa kabisa, nani alisema nini. Mwombe ruhusa umrekodi, kwa sababu kuandika huku unalia haiwezekani. Akinyamaza, muache anyamaze. Mara nyingi linalofuata ndilo ulilolitafuta.

Wajukuu waulizwe bila wazazi wao kuwapo. Bibi na wajukuu wana siri zao. Na yule aliyezaliwa ugenini, aliyemjua bibi kwa simu ya video tu, msimruke. Kwake bibi ni paji la uso lililojaza kioo kwa kuwa hakuna aliyefaulu kumfundisha kushika simu vizuri. Hiyo nayo ni kumbukumbu halali, iandike.

Kila sifa isiyo na kisa chake, ifute. "Mchapakazi, mkarimu, mpenda watu" huandikwa kwa kila marehemu. Kama alikuwa mkali, semeni kwa staha. Waliomjua watacheka, na hakuna ubaya. Kwa urefu, maneno 500 ni kama dakika 5 za kusoma taratibu. Nakala ya pili apewe mtu mwingine, msomaji akishindwa apokelewe.

——

Poleni sana wafiwa. Kaka amemaliza ya maandishi, mimi naongeza moja lisilongoja: sauti yake.

Meseji za sauti alizowatumia WhatsApp, zinakilini sasa hivi. Kila mmoja ahamishe mazungumzo yake pamoja na faili zake, ayahifadhi sehemu mbili. Akaunti ya WhatsApp isiyotumika kwa siku 120 kwa kawaida hufutwa, na laini iliyokaa kimya muda mrefu kampuni ya simu inaweza kuichukua na kumpa mtu mwingine namba. Simu yake basi isifutwe wala asirithishwe mjukuu kabla ya kunakiliwa. Picha zilizo Google nazo msizilaze: akaunti isiyoguswa kwa miaka 2 wanaweza kuifuta. Facebook familia inaweza kuomba ukurasa ugeuzwe wa kumbukumbu, lakini ukishageuzwa hakuna anayeweza kuingia tena, kwa hiyo nakilini picha kwanza.

Siku yenyewe, Zoom ya bure hukata kikao baada ya dakika 40. Nimeshuhudia wasifu ukikatika katikati, kila mtu akatafuta kiungo upya. Watakaozungumza kutoka mbali wajirekodi mapema, faili zitumwe kwa mtu aliyeko msibani, msitegemee mtandao. Na saa iandikwe kwa tarakimu, 10:00, na iwe wazi ni saa za wapi. Ukiandika "saa nne asubuhi", vijana waliokulia huku wataamka alfajiri.

——

Asanteni mno, ndugu zangu.

Nimezungumza na baba. Nilimuuliza hilo la kubishana, akacheka kwanza, kisha akaongea hadi chaji ikaisha. Kumbe barua zake zote za kikazi mama alizipitia kabla hazijatumwa, akikata maneno makali. Kuna moja ya kuacha kazi aliificha wiki nzima, hasira zikapoa, baba akabaki kazini mpaka akastaafu. Sisi watoto hatukulijua hili hata kidogo. Ndipo wasifu unapoanzia sasa. Kuzaliwa kumeshuka aya ya pili. Baba ameomba jambo moja tu: ule ubishi wao kuhusu dini ya kaka yake usitajwe, na sitautaja.

Meseji za sauti tunazikusanya. Mwenye Zoom ya kulipia anayeweza kutuazima kwa asubuhi hiyo, naomba aniandikie pembeni.