Amplifaya ya valvu inavuma hata gitaa likichomolewa

Nyuzi6: Wakuu, amplifaya yangu ya valvu (mirija ya kioo inayokuza sauti) inavuma mfululizo. Nimechomoa gitaa, nimeshusha sauti hadi sifuri, bado. Nianzie wapi?

FundiValvu: Kama kushusha sauti hakubadilishi kitu, tatizo liko baada ya kitufe hicho. Sikiliza kimo cha mvumo. Kwenye umeme wa hezi 50, mvumo wa hezi 100 mara nyingi ni kapasita za kuchuja (zinazohifadhi chaji na kulainisha umeme) zilizokauka, au valvu za mwisho (zinazosukuma spika) zisizolingana. Ukiwa wa 50, kagua ethi na nyaya za hita (zinazopasha valvu joto).

Nyuzi6: Programu ya simu inaonyesha 100. Nifungue?

MamaSolda: Subiri, ndugu yangu! Kapasita zinaweza kubaki na volti zaidi ya 300 hata plagi ikiwa nje. Zitoe chaji kupitia rezista, kisha hakikisha kwa mita. Hapo ndipo uguse.