Dawa ya mseto kugeuza seli za kongosho zitoe insulini, ni kweli?

NyotaYaPangani
Wakuu habari za leo, naomba kueleweshwa maana hapa nyumbani hatuelewani. Mdogo wangu ana miaka 13, ana sukari ile aina ya kwanza, anachoma insulini kila siku. Sasa shangazi katumiwa meseji WhatsApp eti dawa ya mseto ya malaria inageuza seli zingine za kongosho zinaanza kutoa insulini, kwahiyo anataka mtoto aanze mseto halafu insulini tuipunguze kidogo kidogo. Naogopa sana ila sina cha kumjibu. Hivi seli inaweza kweli kugeuka ikawa nyingine?

mwanabaiolojia88
Pole sana ndugu yangu. Insulini ISIPUNGUZWE bila daktari wake, mwenye aina ya kwanza akiikosa hata siku chache damu inajaa asidi na anaweza kufa, hilo shangazi alijue kwanza.

Hiyo meseji ina chanzo. Mwaka 2017 watafiti wa Vienna, Austria waliandika kwamba artemeta, ambayo imo kwenye ALU (ndo hiyo dawa ya mseto), inageuza seli za alfa kuwa za beta. Hizi mbili ni majirani kwenye kongosho, beta inatoa insulini ya kushusha sukari, alfa inatoa glukagoni ya kuipandisha. Ila 2018 maabara za Marekani zikarudia, kwa panya wakaziwekea alama seli za alfa kabla ya dawa ili waone zinaishia wapi, zikabaki alfa vilevile. Na kuna timu ikakuta artemeta inazifanya beta zenyewe zizembee. Hiyo sehemu ya pili ndo haisambazwi.

Kibweni_Lab
Nakazia hapo juu. Ila kugeuka kwenyewe kupo jamani, na mimi hii kitu inanipa matumaini kweli. Karibu seli zote za mwili zina jeni zilezile, tofauti ni zipi zimewashwa na zipi zimezimwa. Mwaka 2008 kina Douglas Melton pale Harvard walichukua panya wazima, wakapeleka jeni tatu kwa kutumia virusi kwenye seli za kongosho zinazotoa vimeng'enya vya chakula, baadhi zikaanza kutoa insulini. 2010 timu ya Pedro Herrera kule Geneva wakaua karibu beta zote za panya, na baada ya miezi alfa chache zikageuka zenyewe bila kupewa jeni yoyote. Lakini sikia, hao panya waliishi mpaka wakafika huko kwa sababu walikuwa wanapewa INSULINI. 2019 wakafanya kwa alfa za binadamu, hizo wakazigeuza kwa kuzipa jeni, wakazipandikiza kwa panya wenye sukari na sukari ikashuka. Ila bado ni maabara, na kwa aina ya kwanza kinga ya mwili ndo iliyoua beta, kwahiyo hata ukipata mpya lazima uzilinde.

mwanabaiolojia88
Na kugeuka si kuzuri kila mara. Kongosho likivimba, hizo seli za vimeng'enya zinageuka kama za mirija, uvimbe ukiisha zinaweza kurudi, ila zikiwa na hitilafu kwenye jeni ya KRAS ndo saratani inaweza kuanzia hapo.

NyotaYaPangani
Asanteni mno. Hiyo ya panya kupewa insulini ndo namwambia shangazi leo jioni. Dozi aliyonunua nimeshaichukua, iko chumbani kwangu.