Tupeane uzoefu: kufunga mfumo wa simu za ofisi hapa Mwanza

Mhasibu_Nyakato

Wakuu, mwangaluka. Ofisi yetu inahama kutoka vyumba vya kupanga katikati ya mji kuja jengo letu wenyewe huku Nyakato. Ghorofa moja, na ghala nyuma yake. Tunauza nyavu, kamba, maboya na injini za mitumbwi, kwa hiyo simu zinaita mchana kutwa: Musoma, Bukoba, Sengerema, visiwani. Mpaka sasa kila mtu anapokea kwa simu yake ya mkononi, na akiacha kazi anaondoka na wateja. Bosi kasema safari hii tufunge mfumo unaoeleweka, simu ishirini hivi.

Nina bei za mafundi watatu mezani, na kila mmoja anasema wenzake ni matapeli. Katalogi sitaki, ninazo. Namtaka aliyefunga au aliyefungiwa hapahapa Kanda ya Ziwa aseme yaliyomkuta.

FundiKrone

Kazi hii naifanya tangu laini zinaingia kwa waya wa jozi na kubanwa kwenye krone, kile kibao cha kubania waya za simu. Nikuulize kitu ambacho huenda hakimo kwenye bei zote tatu: ethi, yaani njia ya kuupeleka umeme wa hitilafu na wa radi ardhini.

Ziwa letu ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi kabisa duniani. Usiku upepo wa nchi kavu unatoka kila upande kuelekea majini, unakutana huko na kupanda juu, mawingu yanajengeka, alfajiri mnaamshwa na ngurumo. Hiyo ni nusu ya tatizo. Nusu ya pili ni mawe yenyewe ambayo mji umekalia. Graniti haipitishi umeme kirahisi. Fundi anagonga ethi rodi, inazama kiasi cha goti, inagoma. Anakata iliyobaki juu, anafukia, anaweka na kifuniko kizuri cha zege. Kwa macho, ethi ipo.

Niliitwa ofisi moja upande wa Bugarika baada ya mashine yao, ile kuu inayogawa simu, kufa kwa mara ya pili. Kadi zote za laini za nje zimeungua, na simu za upande mmoja wa jengo nazo zimekwenda. Nikapima kwa mita. Kwa mitambo ya mawasiliano tunatafuta ukinzani wa ohmu 5 kushuka chini. Pale mita ilisoma kitu ambacho hata nyumba ya kuishi usingekikubali. Kibaya zaidi, aliyefunga simu alishaona ethi ya umeme ni mbovu, akachimba yake pembeni kwa ajili ya mashine peke yake. Sasa radi ikipiga jirani, ethi moja inapanda volti kuliko nyingine, na mahali pa kukutania ni ndani ya mashine yako. Ethi ziwe ngapi sijali, lakini ziunganishwe ziwe kitu kimoja.

Rodi tukaachana nayo. Tukachimba mtaro kushuka bondeni kwenye udongo unaoshika unyevu, tukalaza utepe wa shaba, tukaufukia na bentonaiti, udongo wa mfinyanzi unaoshika maji, tukapima tena mpaka tukaridhika. Halafu kila laini itokayo nje ikapitishwa kwenye kizuia radi palepale inapoingilia ukutani. Ukikiweka jirani na mashine, radi umeshaikaribisha ndani.

Rudi kwenye bei zako uone nani ameandika kupima ethi.

Mhasibu_Nyakato

Shikamoo mzee, na asante. Nimepekua, aliyeandika ni mmoja tu, na ndiye wa bei ya juu. Swali lingine: ghala liko nyuma, hatua mia na kitu kutoka ofisini. Mmoja kati ya wale wengine wawili anataka kuvuta waya wa mtandao wa kawaida juu ya nguzo.

FundiKrone

Marahaba. Mwambie hapana. Shaba inayoning'inia kati ya majengo mawili inaita radi. Na hata kama radi isingekuwepo, waya wa mtandao mwisho wake ni mita 100, ukijumlisha na vipande vya ndani ya kuta. Vuta faiba. Ile ni kioo, radi haina habari nayo. Ila uwe makini: ipo aina yenye waya wa chuma wa kuibeba nguzoni, na chuma kile kikiingia ndani ya jengo umerudi ulikotoka.

Kijana_wa_Igoma

Wazee mnahangaika nini mwaka huu? Nunua simu janja tano, laini tano, weka WhatsApp ya biashara, kwisha habari. Simu ya mezani ni ya makumbusho.

Mhasibu_Nyakato

Mdogo wangu, soma nilichoandika juu. Laini tano ndizo zinazotutesa. Mteja wa Goziba anapiga, aliyemzoea yuko likizo, simu iko kwao Kahama.

DadaMapokezi

Mimi si fundi, mimi ndiye ninayeupokea huo mfumo wenu. Niko zahanati ya binafsi. Walipotufungia, fundi alikuja na sauti imesharekodiwa, dada wa Kiswahili cha redioni: karibu, kwa Kiswahili bonyeza moja, kwa Kiingereza bonyeza mbili, kisha orodha ya idara, kisha kusikiliza tena bonyeza nyota. Kilichofuata ni kimya. Tukadhani biashara imekufa.

Tukaangalia kumbukumbu za simu. Kumbe watu wanapiga, wanakata kabla orodha haijafika mwisho. Wagonjwa wetu wengi wanatoka Magu, Misungwi na Kwimba. Mzee anasikia sauti ya rekodi, anajua ni tangazo la kampuni ya simu, anakata. Bibi mmoja alipokuja mwenyewe alinilalamikia kwamba amenisalimia nikakataa kuitikia, nikaendelea tu kuhesabu namba! Halafu mkumbuke anayepiga anakatwa salio tangu rekodi inapopokea. Dakika yake unaila kwa orodha ya idara ambazo hazitaki.

Tukaomba igeuzwe. Sasa simu inaita kwangu moja kwa moja. Rekodi inaingia pale tu ninapokuwa na mtu mwingine, na nimeirekodi mwenyewe: nasalimia kwanza, nasema nakuja, mwenye dharura abonyeze moja. Basi. Fundi alinuna kidogo kwa sababu orodha yake ilikuwa nzuri kweli.

MzigoVisiwani

Dada umenichekesha na huyo bibi.

Sisi ni wakala wa mizigo. Makao yapo mjini jirani na kivuko cha Kamanga, tawi liko Nansio. Tulitaka Nansio wawe na ekstensheni, namba fupi ya ndani, kama wapo chumba cha pili, ili mtu wa Ukerewe akiuliza mzigo wake nimhamishie palepale asipige upya. Inawezekana, na raha yake mtaijua mkiipata, lakini ilitusumbua kwa namna tatu.

Kwanza sauti ya upande mmoja. Nansio wanatusikia, sisi hatuwasikii. Fundi alibadilisha simu, akabadilisha waya, hakuna. Mwisho alipatikana kijana anayejua rauta. Rauta ya Nansio ilikuwa na kipengele kinaitwa SIP ALG, kinachojifanya kusaidia simu za intaneti kwa kuzibadilishia anwani njiani, kumbe ndicho kinachozipoteza. Akakizima, sauti ikarudi saa hiyohiyo. Ukisikia mtu analalamika sauti ya upande mmoja, anzia kwenye rauta kabla hujagusa simu.

Pili, jioni sauti zinakatika. Hesabu yake ni hii: simu moja kwa kodeki (namna ya kugeuza sauti iwe data) ya G.711 inakula kama kilobiti 87 kwa sekunde kila upande, ukijumlisha na vifungashio vyake. Kwa G.729 inashuka mpaka kama 31. Kwa intaneti yetu ya mnara hata ile ya kwanza ingetosha, tatizo vijana wa stoo walikuwa wanapakua mechi. Tukahamia G.729 kwa njia ya Nansio tu, na rauta ikaelekezwa ipitishe sauti kwanza, mengine yasubiri. Mechi wanaangalia bado, ila ndizo zinazogandaganda.

Tatu ni umeme, na hili nalikuta ofisi nyingi. Mashine kuu ina UPS, ile betri ya akiba, inawaka vizuri. Simu za mezani zinapata umeme kupitia waya wa mtandao kutoka kwenye swichi, kifaa kinachogawa mtandao ofisini. Swichi imechomekwa wapi? Ukutani. Umeme ukikatika una mashine nzima yenye afya na simu zote zimekufa. Mhasibu, swichi, rauta na kile kiboksi cha faiba vyote viingie kwenye UPS. Hata hiyo swichi ya ghalani.

JichoLaUsiku

Naongeza la wizi, maana halisemwi. Nilikuta hoteli moja huku Capri Point mashine yao imewekwa wazi kwenye intaneti, mlango wa 5060, unaopitisha simu za intaneti, haujafungwa, ekstensheni 100 nywila yake 100. Kuna programu zinazurura duniani zikijaribu milango hiyo usiku na mchana. Zikaingia mwisho wa wiki, mhasibu hayupo, zikapiga namba za nje za malipo makubwa mpaka Jumatatu. Mwizi anagawana mapato na mwenye namba zile, na bili inakuja kwako. Hoteli ililipa, maana kwa mtoa huduma ni simu zao halali.

Tiba yake haina gharama. Nywila ndefu kwa kila ekstensheni, hata ya mlinzi. Mlango usifunguliwe kwa dunia nzima. Matawi yaunganishwe kwa VPN, njia ya siri ndani ya intaneti. Na simu za nje ya nchi zifungwe kwenye mashine yenyewe: 000, ya kupigia nje ya nchi, tulifunga kwa wote isipokuwa meneja, tukaacha 005 ya Kenya na 006 ya Uganda kwa sababu wageni wao wengi wanatoka Kisumu na Kampala. Kisha mwombe mtoa huduma akuwekee kikomo cha matumizi.

Mama_Kayenze

Langu fupi. Ofisi ya jirani yetu walipewa ekstensheni 101 mpaka 120, kwa mpangilio. 112 ikaenda kwa mtunza stoo. Siku vibaka wameruka ukuta, mlinzi anapiga 112 apate polisi, inaita stoo, stoo imefungwa. Anzieni 201.

Kijana_wa_Igoma

😂😂 Hiyo 112 imenimaliza. Haya nimesalimu amri. Ila wateja wenyewe wanapiga namba za mkononi, hawataki ya mezani ya 028. Hapo mnafanyaje?

FundiKrone

Sasa umeuliza. Kuna kiboksi unachochomeka laini za mkononi, kinaziingiza kwenye mashine kama laini nyingine za nje. Mteja anapiga namba aliyoizoea, inaita mapokezi, inahamishwa popote. Mhasibu, hili ndilo linalotibu ugonjwa wako. Zile namba ambazo wateja wanazo zisajiliwe kwa jina la kampuni, ziingie kwenye kiboksi, mfanyakazi akienda Kahama namba inabaki. Antena zake zitoke nje ya kabati la chuma. Mtandao ukiwa hafifu huko nyuma ya kilima, weka antena ya waya mrefu dirishani.

Lakini matumizi yawe ya ofisi yako tu. Wapo wanaotumia viboksi vya aina hiyo kupokea simu za kimataifa kwa intaneti na kuzitoa kama simu za ndani, ile wanayoiita simboksi. TCRA, mamlaka ya mawasiliano, wanawasaka, na ni kesi. Mtu akikwambia ukodishe kiboksi chako usiku upate hela ya soda, mtimue.

Na wewe utakayebaki na laini za waya za mezani, jambo moja la kumbana fundi: laini kung'ang'ania. Mteja anakata, mashine haijui kama amekata, inaendelea kushikilia laini, wengine wakipiga wanaambiwa inatumika. Kisa chake mashine imekuja na milio ya nchi nyingine. Inasubiri mlio wa kukatwa wa huko kwao, wetu haiutambui. Fundi anayejua anarekodi mlio wa laini yako, anapima masafa na vipindi vyake, anauingiza kwenye mipangilio. Asiyejua atakwambia zima uwashe kila asubuhi.

Mhasibu_Nyakato

Nimewapigia wote watatu leo, nikauliza maswali yenu. Yule wa bei ya chini kasema ethi ni kazi ya fundi umeme, yeye haimhusu. Wa pili, yule wa nguzo, alipofika kwenye SIP ALG akaniambia atanipigia, hajapiga. Wa tatu amekuja na mita. Amechomeka vijiti vyake nje nikiwa nimesimama palepale, huku Nyakato udongo upo kidogo, lakini bado hajaridhika, anasema mtaro utahitajika upande wa ghala. Faiba amekubali isiyo na chuma. Bosi anagunia bei, nimempa uzi huu ausome.

Hao vijana wa mapokezi wapya, wafundishwe na nani?

DadaMapokezi

Na yeye huyohuyo, kabla hujamlipa salio. Akae siku nzima, simu za kweli zikiita, kila mmoja ahamishe simu mwenyewe kwa mkono wake, airudishe, amshikilie mteja, amuunganishe na ghala. Orodha ya ekstensheni ichapwe kwa herufi kubwa ibandikwe pembeni ya kila simu. Yetu ilikaa kwenye barua pepe, na barua pepe nani anafungua huku simu inaita?